Kiti Kilichoganda Juu ya Okutaki

Kiti kiliruka kama farasi aliyeumwa na nyigu, kikayumba mbele, kikayumba nyuma, halafu kikasimama.

Kimya.

Chini ya miguu ya Chigusa Hirabayashi kulikuwa na hewa tupu, na chini ya hewa kulikuwa na theluji. Mbele yake waya unaobeba viti ulipanda mlima ukapotelea kwenye ukungu. Na ubavuni mwake, bega kwa bega, alikaa mtu wa mwisho duniani ambaye angekubali kugawana naye kiti: Mzee Iwao Tokida, mwenyekiti wa kijiji, yule yule aliyeapa mbele ya duka la tofu, jibini ya soya, kwamba atamlisha theluji binti huyu mpaka aombe chumvi.

Nyinyi mlionilaumu kwa kuwaacha wananing'inia wiki nzima tangu sehemu iliyopita, poleni sana. Lakini baridi waliipata wao.

"Umefanya nini, Mzee?" Chigusa alimgeukia.

"Mimi? Nimekaa kama ulivyokaa wewe."

"Usinifanye mtoto. Viti havisimami vyenyewe."

"Labda vimechoka kubeba watu wabishi."

Chigusa akauma meno. Saa tano mkutano ungeanza. Na kama kuna msomaji aliyejiunga nasi leo, nampa habari kwa mkupuo mmoja, asiniulize tena.

Mlima wa Okutaki ni mali ya nyumba zote za kijiji tangu enzi za mababu, na haukodishwi mpaka nyumba zote zikubali. Ukumbini, kila nyumba ina kibao chake ukutani, upande mmoja mwekundu, wa pili mweusi. Mwekundu, nimekubali. Mweusi, sitaki. Kampuni moja ya Tokyo ilikuwa inautaka mlima mzima, kiangazi na majira ya baridi, na uzio wa kuuzunguka. Vibao vyote vilishageuzwa vyekundu. Kimoja tu kilikuwa cheusi, cha Hirabayashi, na katika nyumba ya Hirabayashi tangu babu afariki kulikuwa na mtu mmoja tu. Chigusa.

Na desturi inasema hivi: vigongo vya mbao vya kufungulia mkutano vikilia mara tatu na nyumba haina mtu ukumbini, kibao chake kinafuata wengi.

Sasa mnaelewa kwa nini alipigiwa simu asubuhi ile kwamba mmoja wa wageni anaowaongoza mlimani kapanda kwa siri, kavunjika mguu kileleni.

"Hakuna mgeni aliyevunjika mguu," Chigusa alisema. Hakuwa anauliza.

"Wageni wako wana miguu ya mbuzi. Haivunjiki."

"Na sauti ile ya simu, ya mtu anayelia?"

Mzee Tokida alikohoa. "Shemeji yangu. Zamani aliigiza shuleni."

Chigusa angemsukuma. Aliniambia mwenyewe baadaye, na mimi namwamini. Lakini kuna jambo lilimzuia, nalo lilikuwa kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda.

"Unacheka nini?"

"Nacheka mtego wako, Mzee. Mtego mzuri kabisa. Sasa hebu niambie, wewe uliyeutega, unafanya nini ndani yake?"

Mzee alikuwa amevaa koti lake jeusi la sherehe lenye nembo ya ukoo, mkanda mweupe kiunoni, viatu vya mpira miguuni, na amekumbatia chupa ya sake, pombe ya mchele. Kila asubuhi ya mkutano mwenyekiti humwagia mungu wa mlima sake kwenye kijihekalu kilichopo pale pale chini, viti vinapoanzia. Alitakiwa amwage aondoke.

"Ulikuja kunizomea," Chigusa alisema. "Hukuweza kujizuia. Ulitaka unione uso nikiwa napanda kwenda kwenye uongo wako. Ukasimama juu ya mstari wa kupandia kama mgeni wa siku ya kwanza, kiti kikakukumba magotini!"

"Niliteleza."

"Ulikaa pwaa! Kama gunia la mchele. Na ulipokaa ulisema 'mama'."

"Sikusema 'mama'!"

"Ulisema, Mzee. Na ulinishika mkono kama mchumba, mpaka simu yangu ikaanguka."

Shavu la mwenyekiti lilikuwa jekundu, na si kwa baridi peke yake.

"Mpigie mwanao Ryohei aviwashe," Chigusa alisema.

"Simu yangu iko ukumbini. Inachajiwa."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo wanatazamana bila kutukanana, na haikudumu.

"Ulimwambia nini hasa mwanao?"

"Nilimwambia, huyo binti akishakaa tu, zima. Usiwashe mpaka usikie sauti yangu kwenye simu. Hata ukisikia mtu anapiga kelele, usitoke kwenye kibanda cha mashine."

"Na Ryohei ni mtiifu."

"Nimemlea vizuri," Mzee alisema kwa majivuno. Upepo ukapita. Kiti kikayumba. "Vizuri mno," akaongeza polepole.

Siku ya mkutano mlima hufungwa kwa wageni. Hapakuwa na mtu mwingine kwenye viti vile vyote, juu wala chini. Walipiga kelele hata hivyo, kwa zamu, kisha kwa pamoja. Mlima ukawarudishia.

Mzee akaanza kuchokonoa kamba ya bluu iliyofungwa kwenye mkono wa kiti. Kiangazi Chigusa hupandisha baiskeli za wageni kwa viti hivi hivi, kila baiskeli kitini kwake, halafu wageni wanashuka nazo msituni wakipiga mayowe kama nguruwe. Kijiji kizima kinaichukia biashara hiyo.

"Na takataka yako hii hata kuitoa hukutoa."

"Haitoki. Ni fundo la babu yangu. Mizunguko mitatu, na ulimi unafichwa ndani. Vuta uone."

Mzee alivuta. Alivuta kwa mikono miwili. Alijaribu na meno.

"Halifunguki mpaka ulijue," Chigusa alisema. "Na tunaolijua duniani ni wawili."

"Wewe na nani?"

"Muulize mwanao kiangazi kile alikuwa anashinda wapi, kabla hujamfunga kamba yako."

Hiyo ilimwingia. Mzee Tokida aliiacha kamba kama imemng'ata. Alifungua mdomo amrudishie, na hapo hapo ukungu ukafunguka, kijiji kikatokea chini yao chote kizima, mapaa yake, moshi wake wa bafu la maji moto, na watu wake wadogo wadogo wenye mabeleshi.

Watu wengi. Wengi kupita kiasi.

"Mbona mitaa yote inatupa theluji?" Chigusa aliuliza.

Okutaki ina mfereji mmoja tu wa kubebea theluji. Maji ya mto huingizwa juu, yanapita katikati ya kijiji, na kila mtaa una saa yake ya kutupa. Ukitupa saa ya mwenzako, mfereji unaziba, na kwa kosa hilo kijijini hapa watu wamewahi kunyimana salamu miaka kumi. Lakini leo ilikuwa siku ya mkutano. Kila mmoja alitaka amalize mapema, akaoge, akavae. Kila mmoja akajisemea, nitatupa kidogo tu, wengine watangoja.

Hakuna aliyengoja.

Na penye kona, pale ukumbini, kuna wavu wa nondo. Hapo ndipo mabonge hukwama. Ndiyo maana kila wiki nyumba moja hupewa mti mrefu wenye kulabu, isimame pale, ivunje mabonge.

Mzee Tokida aligeuka taratibu. Tabasamu lilikuwa linamtoka kama jua.

"Chigusa. Zamu ya wavu wiki hii ni ya nani?"

Chigusa aliuona mti wake wa kulabu kwa macho ya akili, umeegemea ukuta wa ukumbi, pale alipouacha simu ilipolia.

"Ya nani?"

"Unajua ni ya nani."

"Nyumba inayoacha wavu," Mzee alisema kwa raha, kama anayesoma sala, "kibao chake kinashushwa ukutani msimu mzima. Kumbe hata kukuning'iniza hapa ilikuwa kazi bure! Umejichinja mwenyewe!"

"Wewe ndiye uliyeniita!"

"Nani atasema? Mimi? Mimi nitasema ulienda kuteleza."

Akacheka. Alicheka mpaka chupa ikatikisika kifuani. Chini yao maji yalikuwa yamefika ukingoni mwa mfereji, meusi juu ya theluji nyeupe. Yakasita kidogo kama mtu anayechagua njia. Kisha yakachagua.

Kicheko kikakatika.

"Chigusa," Mzee alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Yale maji yanaelekea wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto kuna nini?"

"Kushoto kuna nyumba yako ya wageni, Mzee."

"Mikeka," alinong'ona. "Nimeweka mikeka mipya vyumba vyote. Majani bado yananukia." Halafu akampigia kelele sikioni: "Ruka!"

"Nini?"

"Ruka ukazibue! Theluji ni laini! Wewe si ndiye fundi wa mlima? Kiangazi unaruka na baiskeli, sasa unaogopa nini?"

"Ruka wewe, mikeka ni yako."

"Nina miaka sitini na minne!"

"Una mdomo wa miaka ishirini."

"Chigusa!"

"Nitaruka," Chigusa alisema. "Lakini utasimama mbele ya watu useme uliniita kwa uongo."

Mzee alitazama maji. Alitazama nyumba yake. Ungeona jinsi mikeka na kiburi vilivyopigana mieleka usoni mwake. Kiburi kikashinda.

"Nitasema ulilala."

"Basi ufuge samaki."

Lakini alikuwa anafungua miguuni mbao zake za kutelezea theluji wakati anasema hivyo. Akaziachia zikaanguka, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilichoma theluji ikasimama. Ya pili iliteleza ikaenda zake bondeni peke yake, kama aliyeitwa nyumbani.

"Unaruka?" Mzee alishangaa.

"Si kwa ajili ya mikeka yako. Zamu ni zamu." Akainua chuma cha kuzuia watu wasianguke. "Shika nguzo. Nikitoka kiti kitaruka juu."

"Ngoja kwanza! Ngoja nijishike! Hirabayashi, mwana wa..."

Akaruka.

Theluji ilimpokea mpaka kifuani. Ilimwingia puani, shingoni, kila mahali palipokuwa na joto. Alibaki hapo akijihesabu viungo. Juu yake kiti kilikuwa kinacheza kama bembea, na Mzee Tokida amekumbatia nguzo kwa mikono na miguu, chupa imebanwa chini ya kidevu.

"Umekufa?" alipiga kelele.

"Bado!"

"Basi kimbia, mshenzi wewe!"

Chigusa alijichimbua, akavaa ubao mmoja uliobaki. Kisha akainua uso, na hapa ndipo alipofanya kosa, maana upepo ulikuwa unavuma kwenda kijijini.

"Aliye juu mngoje chini, Mzee!" aliita kwa sauti yake yote. "Nakungoja! Utashuka tu!"

Akashuka mlima kwa mguu mmoja.

*

"Haa! Malkia wa baiskeli kafika!"

Huyo ni Mama Sugie wa duka la tofu, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu, kwa watu wengine. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za ukumbi, maji yakimpita chini, na nusu ya kijiji nyuma yake wamevaa nguo za mkutano na viatu vya mpira.

"Wavu kauacha, kaenda kucheza!"

"Na ubao mmoja! Mwingine kauza!"

"Sogeeni," Chigusa alisema.

Hakuna aliyesogea. Akawapita katikati, bega lake likigonga mabega yao. Mti wa kulabu ulikuwa pale pale alipouacha. Watu wote wale walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwake, maji yakipanda, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono, kwa sababu haikuwa zamu yake. Ndivyo tulivyo Okutaki. Tunaweza kuzama kwa adabu kabisa.

Aliingia majini mpaka mapajani. Maji yalikuwa yanauma kama meno. Alichoma bonge la kwanza, akalivuta, likagoma. Akalichoma tena.

"Kushoto kidogo," mtu alisema, kisha akanyamaza kwa kukumbuka kwamba anamchukia.

"Watoto wetu wako Tokyo wanauza simu," Mama Sugie alisema juu ya kichwa chake. "Kampuni ingewarudisha. Ingewapa kazi hapa hapa. Wewe unatuletea nini? Watu wenye matope wanaokanyaga uyoga wetu na kuingia kwenye bafu la kijiji na chupi!"

"Nilishawaambia wavue."

"Wamevua?"

"Nusu yao."

Mtu mmoja akacheka, akakanyagwa mguu. Chigusa alikazana. Bonge likapasuka, la pili likalifuata, wavu ukakohoa, ukanguruma, na mfereji mzima ukaanza kwenda. Maji yaliyokuwa yanaelekea kushoto yakarudi nyuma kwa aibu. Mikeka ya Mzee Tokida ilipona kwa upana wa kizingiti.

Hakuna aliyesema ahsante. Ndani ya ukumbi, vigongo vikalia.

Ka! Ka!

Chigusa aliutupa mti, akapanda ngazi mbili mbili. Kugonga kwa tatu ndiko kunakofunga mlango. Alijirusha ndani, akateleza kwa soksi zilizolowa mpaka katikati ya ukumbi, akasimama mbele ya ukuta wa vibao huku anachuruzika maji.

Ka!

"Hirabayashi yupo!" alipiga kelele.

Mzee Udagawa, makamu wa mwenyekiti, alishusha vigongo. Ni mtu mwembamba mwenye sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. "Upo," alisema. "Lakini uliacha wavu. Desturi ni desturi. Kibao kinashuka."

"Kishuke!" ukumbi uliitikia.

"Niliitwa kwa uongo! Nilipigiwa simu kwamba mtu kaumia!"

"Na nani?"

"Na shemeji wa Mzee Tokida!"

Mwanamume mmoja nyuma aliangalia dari kwa makini sana.

"Binti," Mzee Udagawa alisema, "ukimtaja mwenyekiti kwa ubaya, mtaje mbele yake. Yuko wapi?"

"Yuko kwenye kiti cha waya. Ananing'inia."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Ulipotulia, Mzee Udagawa alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kibao cheusi, vidole vimeshika kamba yake.

"Mwacheni."

Sauti ilitoka mlangoni. Ryohei Tokida, mwana wa mwenyekiti, alikuwa amesimama pale anahema; aliingia nyuma ya Chigusa kabla ya kugonga kwa tatu. Kijana mrefu, mpole, ambaye kijiji kizima kinamwita "ndiyo baba" asipokuwepo.

"Nilikuwa kibandani asubuhi yote, pembeni ya jiko," alisema. "Baba aliniambia nisimamishe viti Chigusa akishapanda. Simu ya mgeni ilikuwa ya uongo. Ilipangwa mezani kwetu, jana, tukila wali."

Sasa hapakuwa na aliyecheka.

"Mwanaharamu," mtu alisema, lakini haikujulikana anamtukana nani.

Ryohei hakumtazama Chigusa. Alikwenda moja kwa moja ukutani, penye kibao cha kwanza kabisa, chenye jina la Tokida. Akakishika. Akakigeuza.

Cheusi.

"We!" Mzee Udagawa alipiga yowe. "Wewe si mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba hayupo. Vigongo vimelia. Aliyepo ndiye nyumba." Ryohei aliwageukia wote. "Si hiyo ndiyo desturi mliyotaka kumnyongea yeye?"

Watu walisimama wote kwa pamoja. Mabeleshi mawili yaliangushwa. Mtu alimtupia Ryohei mfuko wa machungwa, ukamkosa, ukampata shemeji. Miaka yote ya kusema "ndiyo baba", na kumbe alikuwa anaiweka akiba.

"Unawaza nini?" Chigusa alimnong'oneza kwa hasira. "Akirudi atakigeuza tena!"

"Akirudi," Ryohei alisema.

"Mkutano umevunjika!" Mzee Udagawa aligonga vigongo ovyo. "Mpaka mwenyekiti arudi! Mleteni! Ryohei, viti vinazunguka au havizunguki?"

"Nimeviwasha kabla ya kuja. Atafika juu, atazunguka, atashuka. Atakuwa chini sasa hivi."

Kijiji kizima kilimiminika nje. Hakuna aliyetaka kukosa uso wa Mzee Tokida akishuka, aambiwe kibao chake kimekuwa cheusi. Hata Mama Sugie alikuwa anakimbia, naye hakimbiagi hata moto.

Walijipanga pale viti vinapozungukia, mbele ya kijihekalu. Viti vilikuwa vinatoka kwenye ukungu kimoja kimoja, vitupu. Kimoja tena, kitupu. Watu walikuwa wanasukumana na kutaniana.

"Atakuwa ameganda kama tofu!" Mama Sugie alisema.

"Yako au ya kwelikweli?"

Kisha mtu akanyoosha kidole. Kiti chenye kamba ya bluu.

Chigusa alihisi utaniaji unakufa karibu yake, mdomo mmoja baada ya mwingine.

Kiti kilishuka polepole kutoka ukunguni. Chuma cha kuzuia, kile alichokiacha kimeinuliwa, kilikuwa kimeshushwa vizuri mahali pake. Na nyuma ya chuma hapakuwa na mtu.

Palikuwa na chupa ya sake. Imesimama wima, imejaa, imefungwa kitini kwa mkanda mweupe wa kiunoni wa Mzee Tokida.

Mzee Udagawa alikizuia kiti kwa mikono miwili. Akauvuta mkanda. Akauvuta tena. Fundo halikutikisika. Mizunguko mitatu, na ulimi umefichwa ndani.

"Fundo hili," Mama Sugie alisema taratibu, "tumeliona kiangazi kizima. Kwenye kila baiskeli."

Akamgeukia Chigusa. Wote wakamgeukia. Hapakuwa na matusi tena, na afadhali yangekuwepo.

"Tulikusikia ukipiga kelele mlimani," Mama Sugie alisema. "Sote tulisikia. 'Nakungoja. Utashuka tu.' Umemfanya nini mzee wa watu?"

Chigusa alikuwa anamtazama Ryohei, mtu wa pili anayelijua fundo lile, aliyesema alikaa asubuhi yote kibandani pembeni ya jiko. Ryohei alikuwa ameingiza mikono mifukoni, na suruali yake, kuanzia viatuni hadi mapajani, ilikuwa nyeupe kwa theluji.